Nilitokwa damu nyingi uzazi uliopita na bado natamani kuzalia nyumbani tena, naombeni mawazo

MAMA WAWILI:

Habari zenu wapendwa, naomba mnivumilie maana itakuwa ndefu, naandika usiku watoto wamelala.

Nina watoto wawili na sahivi nina mimba ya wiki 23. Wa kwanza nilizalia hospitali na sitamani kuirudia ile siku. Niliachwa peke yangu kitandani masaa na masaa, kila anayepita ananipima njia bila ata kuniambia jina lake, nikilia naambiwa niache kusumbua wenzangu, mwisho nikaongezwa njia bila kuulizwa, nimekuja kujua wakati wa kushonwa. Mtoto alitoka mzima na mimi nilitoka mzima, kwahiyo kila nikisema iliniumiza naambiwa nimshukuru Mungu. Namshukuru sana, ila iliniumiza.

Wa pili nikasema hapana. Nikatafuta mkunga mwenye leseni, mama mmoja mtulivu, akanifuatilia mimba nzima, uchungu ulipoanza akaja nyumbani na msaidizi wake. Jamani ile leba niliipenda. Nilitembea, nikapiga magoti nikaegemea kitanda, mume wangu ananikanda kiuno, taa tumezima imebaki moja ya mezani, masaa 5 mtoto huyu hapa kifuani, na sikuchanika ata kidogo.

Afu kondo la nyuma halikutoka. Mkunga alikuwa ameshanichoma ile sindano ya kukaza kizazi, akanitoa mkojo, mtoto akawekwa titi, tukasubiri, nusu saa ikaisha. Damu ikaanza, mwanzo kidogo kidogo afu ikaja kwa mkupuo. Mkunga hakupoteza muda akasema twende sasa hivi, gari lilikuwepo, nikafika hospitali naona giza, nikapigwa nusu kaputi wakaingiza mkono kulitoa, nikaongezwa damu chupa 3. Nilipoamka mtoto wangu simuoni, nikadhani amekufa, kumbe yuko na bibi yake nje. Maziwa yalichelewa kama wiki hivi, na miezi mitatu mizima kupanda ngazi tu nahema.

Sasa mimba hii nimempigia mkunga wangu yule yule, kasema atanifuatilia kliniki vizuri ila kunizalisha nyumbani hakubali mpaka tukae tuongee. Nilisikia kama amenitupa. Mume wangu akisikia neno nyumbani anatoka chumbani. Na mimi nikifikiria kile kitanda cha hospitali moyo unaenda mbio, usingizi hauji.

Kuna aliyewahi kubakiwa na kondo au kutokwa damu sana afu uzazi uliofuata akajifungulia nyumbani salama? Mlijiandaa vipi? Na mliobadili mawazo, kitu gani kiliwabadilisha? Msiniambie tu nenda hospitali, hilo nimeambiwa na kila mtu, niambieni kwa nini.


MAMA ZAWADI:

Pole mwaya, hadi mwili umenisisimka hapo uliposema hukumuona mtoto.

Mimi nimo humo. Wa pili nilitokwa damu nyingi, wa tatu nikazalia nyumbani na ilikuwa salama. Ila nataka niwe mkweli kwako, yangu haikuwa kama yako. Leba ilikuwa ndefu mno siku nzima na usiku, mtoto mkubwa, kizazi kikachoka kikalegea. Kondo lenyewe lilitoka zima. Walinichoma sindano wakanisugua tumbo damu ikakata, sikuongezwa ata chupa moja. Uzazi uliofuata nilikuwa na wakunga wawili, gari limegeuzwa kabisa linaangalia njia, na hospitali yenye chumba cha upasuaji ni karibu sana.

Na bado ule muda kati ya mtoto kutoka na kondo kutoka, mkunga alisema ni dakika 14, sijawahi kuogopa hivo maishani mwangu. Mtoto alikuwa kifuani na mimi simwangalii, namwangalia mkunga usoni. Ile saa ya kwanza na mwanangu ambayo ndo niliifuata nyumbani, sikuipata. Sijui kama hilo linakusaidia lakini ndo ilivyokuwa.


MKUNGA WA ZAMU:

Mama Wawili, pole sana. Kabla ya yote niseme kuhusu ule uzazi wa kwanza: kupimwa na kila anayepita na kuongezwa njia bila kuulizwa ni makosa ya waliokuhudumia. Hudeki. Niko wodi ya wazazi mwaka wa 19 huu na nimezalisha majumbani pia, kwahiyo naongea nikizijua pande zote mbili.

Umeuliza kwa nini, ntajibu hiyo kwa nini.

Mimba ikikomaa damu inayopita kwenye kizazi ni kama mililita 500 mpaka 700 kwa dakika. Dakika moja hiyo. Mishipa inayoileta imepita katikati ya nyuzi za nyama ya kizazi, kondo likishabanduka zile nyuzi zinajikaza na kuiminya mishipa, hapo ndo damu inakata. Kazi kubwa anaifanya kizazi mwenyewe, kuganda kwa damu kunakuja kusaidia. Sasa kondo likibaki, au ata kipande tu kikibaki, kizazi hakiwezi kujikaza mpaka mwisho, ni kama ngumi iliyoshika jiwe, huwezi kuifunga. Sindano ya oksitosini inakiamuru kizazi kijikaze lakini haibandui kilichong'ang'ania. Kinachobandua ni mkono wa mtu, na huo mkono unataka dawa ya usingizi au ganzi, antibayotiki, dripu, na damu ya grupu lako ikiwa tayari. Dripu na antibayotiki mkunga anaweza kuzibeba. Mengine hayaingii kwenye begi lake ata awe hodari vipi. Kwahiyo mkunga wako hajakutupa dada, ameshaona kwa macho yake mahali ambapo begi lake liliishia.

Ndo maana nimefurahi Mama Zawadi amesema wazi kwamba yake ni nyingine. Watu wanasema tu "nilitokwa damu" kama ni ugonjwa mmoja, kumbe sisi tunahesabu sababu nne: kizazi kulegea, kondo au mabaki yake, michaniko, na damu isiyoganda vizuri. Kila moja ina hesabu yake kwa uzazi unaofuata. Kwahiyo kazi yako ya kwanza wiki hii ni kwenda kuomba faili lako la ule uzazi, ni haki yako kulijua. Angalia wameandika nini: kondo lilitoka zima au vipande vipande, lilikuwa limejibandua limekwama tu nyuma ya mlango wa kizazi ulioanza kufunga, au lilikuwa bado limejishika ukutani na ikabidi libanduliwe, damu iliyopotea ilikadiriwa kiasi gani, HB, yaani kiwango cha damu, ilishuka mpaka ngapi. Lililokwama na lililojishika sio kitu kimoja kabisa.

Kondo kubaki lina tabia ya kujirudia. Sisemi litajirudia kwako, wengi uzazi unaofuata linatoka vizuri tu, lakini uwezekano wako ni mkubwa kuliko wa mama ambaye hajawahi, na hakuna kipimo cha kukuhakikishia kwamba safari hii litatoka. Tena ukuta wa kizazi uliobanduliwa kwa mkono unaweza kubaki na kovu, na kondo jipya likipandia kwenye kovu linaweza kuzama ndani zaidi. Haitokei kwa wengi, ila ukienda ultrasaundi usiridhike na kuambiwa mtoto anacheza. Uliza kondo liko upande gani, liko mbali kiasi gani na mlango, na kama wanaona mpaka kati yake na nyama ya kizazi. Mwambie anayekupima kwamba ulitolewa kondo kwa mkono, asipojua hataangalia hivyo.

HB yako sahivi ni ngapi? Chini ya 11 kwa mjamzito tunaita upungufu. Mama mwenye 12 akipoteza lita moja anapepesuka, mwenye 8 akipoteza hiyo hiyo anazimia na huenda asiamke. Una wiki 17 mbele yako, huo ni muda wa kutosha kuijenga, vidonge vya damu anza leo usisubiri.


NURU YA ASUBUHI:

Mimi nipo tofauti kidogo na mnisamehe. Watoto wangu wote wanne nimezalia nyumbani, na naamini mwili wa mwanamke unajua kazi yake, kinachouharibu ni hofu na haraka za watu. Mama Wawili wewe ulizaa masaa 5 bila kuchanika, huo ni mwili unaofanya kazi! Labda kondo lingesubiriwa zaidi lingetoka. Pia nimesoma ule utafiti mkubwa wa Uingereza wa 2011 unasema kwa waliowahi kuzaa, nyumbani na hospitali usalama wa mtoto hauna tofauti. Na vidonge vya kuzuia damu vipo siku hizi, unaweza kuviweka ndani. Usikubali watu wakakutisha.


MKUNGA WA ZAMU:

Dada Nuru hongera kwa watoto wanne, na hapo pa hofu nakubaliana na wewe, mama aliyetishwa leba yake inasuasua, nimeiona mara nyingi.

Ila huo utafiti nao naujua. Waliohesabiwa kwenye yale matokeo ni wanawake ambao hawakuwa na tatizo linalojulikana kabla ya leba. Aliyetolewa kondo kwa mkono na kuongezwa damu hayumo kwenye lile kundi. Huko huko Uingereza mwongozo wao unamtaja mama wa aina hii kwa jina la tatizo lake kabisa, kwamba apangiwe kujifungulia penye madaktari. Na kwenye utafiti huo huo, ata hao wasio na tatizo, waliopanga kuzalia nyumbani mtoto wa kwanza 45 kwa 100 walihamishwa, waliowahi kuzaa kama 12 kwa 100. Kwahiyo kule nyumbani na hospitali vimeunganishwa, ambulansi ipo, njia inajulikana, mkunga akipiga simu wodi wanamsubiri mlangoni. Usichukue matokeo yao ukaacha mfumo wao.

Kuhusu kusubiri zaidi, kama damu haivuji mtu anasubiri, wengine tunafika mpaka saa zima kama hakuchomwa sindano. Damu ikivuja kusubiri kumeisha. Mkunga wake alifanya sawa.

Na vidonge tafadhali. Misoprostoli inasaidia mahali ambapo hakuna mtu wa kuchoma sindano, mikrogramu 600 kwa mdomo baada ya mtoto kutoka, na uwe umehakikisha hakuna mtoto mwingine tumboni. Ukiimeza mtoto akiwa bado ndani uchungu unakuwa mkali kupita kiasi na kizazi kinaweza kupasuka. Sio kitu cha mama kujiwekea kabatini bila mtaalamu. Na kama ilivyo oksitosini, dawa hii inasaidia kizazi kujikaza, kondo lililojishika haliijali. Ata ile sindano ya kuzuia damu iliyokwisha kuganda isiyeyuke tena, traneksamiki, gramu 1 kwenye mshipa, ambayo tangu majaribio ya 2017 tunajua inaokoa mama ikitolewa ndani ya masaa 3 na kila dakika ukichelewa nguvu yake inapungua, hiyo inakununulia muda tu. Muda wa kufika wapi? Chumba cha upasuaji.

Watu wanapima kilomita, mimi nawaambia pimeni dakika, na anzeni kuhesabu pale mkunga anaposema "twende" mpaka pale mkono wa daktari unapoanza kazi. Kumshusha mama ngazi, gari kuwaka, geti, mapokezi, kumtafuta wa dawa ya usingizi, damu kupimwa. Damu ikivuja kwa kasi bila matibabu mama anaweza kupotea ndani ya masaa 2 hivi, wengine mapema zaidi. Mama Wawili kaa na mumeo mhesabu zile dakika za siku ile. Yeye anazikumbuka.


BABA MAPACHA:

Nimesoma yote kimya kimya, hapo mwisho nimeshindwa kunyamaza.

Sio mapacha waliotuletea shida, ni mtoto aliyefuata baada yao, nyumbani, damu. Mke wangu yupo anaishi, nataka nianze na hilo. Mimi ndiye niliyembeba. Kitu ambacho sikusema kwa karibu mwaka mzima ni kwamba wakati wanasema "anatokwa damu" mimi sikuona kama ni nyingi. Iliingia kwenye shuka, kwenye godoro, kwenye kanga, nilikuwa nategemea kuona dimbwi. Nimekuja kuiona nilipomwinua, mgongo wote, na godoro lilikuwa zito kama limelowekwa. Kwenye gari alikuwa ananiambia ana kiu, anarudia maji, maji, afu akaacha kuongea, nikawa namwita jina na kumfinya mkono anifinye, akiacha kunifinya napiga honi.

Mama Wawili mumeo akitoka chumbani usidhani anakudharau. Ile siku wewe ulizimia, yeye hakuzimia. Mwombe akusimulie kuanzia kondo lilipokataa, usimkatize, usimjibu, msikilize tu. Mimi mke wangu aliniomba hivo na nililia mpaka nikashindwa kumaliza, tukamalizia kesho yake. Baada ya hapo ndo tukaweza kuongea mtoto mwingine azaliwe wapi, kabla ya hapo tulikuwa tunabishana tu.


MKUNGA WA ZAMU:

Baba Mapacha asante, na hukukosea macho. Kukadiria damu kwa macho ata sisi wazoefu tunakosea, karibu siku zote tunaona ndogo kuliko ilivyo, nguo zinaficha. Ndo maana sasa kuna ule mfuko wa plastiki wenye mistari unaowekwa chini ya makalio mara tu mtoto akitoka, damu inaingia humo unasoma mililita zake. Majaribio yaliyotoka 2023, yalifanyika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, yaliunganisha ule mfuko na kumpa mama matibabu yote kwa mpigo badala ya kujaribu moja moja, na damu za hatari zilipungua kwa asilimia 60. Mama Wawili ukienda kuongea na wodi waulize kama wanao. Kama hawana waulize wanapimaje.

Hiyo kiu aliyoisema Baba Mapacha pia mjifunze nyote. Mama aliyejifungua akianza kuomba maji kwa pupa, kuhangaika, jasho la baridi, mapigo kwenda mbio, msisubiri kuona damu.


SUBIRA:

Samahani kuingilia uzi wa mwenzangu, mi yangu ilikuwa opereshini, nimeambiwa naweza kujaribu njia ya kawaida mimba hii, je nyumbani inawezekana?


MKUNGA WA ZAMU:

Subira hapana, njia ya kawaida ndiyo ila sio nyumbani. Kovu moja la opereshini kwenye sehemu ya chini ya kizazi kupasuka wakati wa leba ni kama mama 1 kati ya 200, wengi wanazaa vizuri, lakini likipasuka mtoto ana dakika chache sana. Unatakiwa mahali wanaposikiliza mapigo ya mtoto leba nzima na wanaoweza kukufungua muda huo huo. Anzisha uzi wako ntakuja kukujibu vizuri.


DADA MKUBWA:

Mdogo wangu Mama Wawili mi ndo yule uliyemuuliza, niliyebadili mawazo. Kondo lilibaki kwa wa pili kama wewe, na hospitali nilikuwa naichukia kama wewe.

Kilichonibadilisha sio takwimu. Nilikaa nikajiuliza hivi nikisema nyumbani nataka nini hasa? Nikaandika kwenye karatasi. Nataka mtu ninayemjua. Nataka nisilazwe chali. Nataka mtu asiniguse kabla hajaniambia anafanya nini. Taa isiwe kali. Mtoto asichukuliwe. Mume wangu awepo. Nikaangalia ile orodha hakuna mahali nimeandika kitanda changu wala chumba changu. Nilichokuwa nataka ni kuheshimiwa.

Basi nikiwa na miezi saba nikaenda wodi ya wazazi nikiwa sina uchungu wala haraka, nikaomba kuonana na msimamizi. Ya kwanza hawakunisikiliza, nikatoka nalia. Nikaenda nyingine. Huko yule mama alinikalisha akasoma karatasi yangu mstari kwa mstari, mengine akakubali, mengine akaniambia hili siwezi kukuahidi na kwa nini, na hilo ndo lililonifanya nimwamini. Tukakubaliana: naingia mapema uchungu ukishakolea, sisubiri nyumbani mpaka dakika za mwisho, kanula, ule mrija mdogo wa kwenye mshipa, inawekwa mkononi mapema ila bila dripu ili nitembee, damu yangu inapimwa grupu na chupa zinaandaliwa, mkunga wangu wa nyumbani anaingia kama msindikizaji, njia haiongezwi bila mimi kusema ndiyo. Na kwamba kondo likifika nusu saa halijatoka hakuna mjadala, nimeshakubali kabla.

Nilizaa nimepiga magoti, taa imepunguzwa. Sindano nilichomwa mtoto hata hajalia vizuri, kitovu hakikukatwa haraka, na mtoto hakutoka kifuani kwangu. Kondo lilitoka dakika ya 12. Walilikagua mbele yangu, wakanionesha lilivyo zima, nililigusa. Damu wakaipima. Nikalala nimemkumbatia mwanangu nikijua chini ya korido kuna watu, na ile hofu aliyoisema Mama Zawadi mi sikuwa nayo, yani niliweza kumwangalia mtoto. Siku iliyofuata tukarudi nyumbani.

Kuna mtu alinipandishia sauti kidogo zamu ilipobadilika, siwezi kudanganya kwamba kila kitu kilikuwa asali. Mkunga wangu alimwonesha karatasi akanyamaza.


MAMA WAWILI:

Nimerudi wapendwa, samahani kwa kimya cha wiki mbili.

Faili nimelipata, ilibidi niende mara tatu. Wameandika kondo lilijishika upande wa juu wa kizazi, likatolewa vipande vipande, damu iliyopotea zaidi ya lita 2, HB ikashuka 5.9. Nilisimama pale dirishani nimeishika ile karatasi miguu ikaisha nguvu. Mi nilikuwa naamini ilikuwa imekwama tu.

Afu nikafanya alivyosema Baba Mapacha. Sitasimulia yote maana ni yake. Ila alisema mkunga kwenye gari alikuwa ameniingiza ngumi moja chini na mkono mwingine juu ya tumbo anakiminya kizazi njia nzima, hakuachia mpaka mlangoni, na akishuka mikono yake ilikuwa inatetemeka hawezi kushika ata simu. Mimi sikujua. Nilikuwa nimemkasirikia kwa kunikatalia. Nimempigia tukalia wote.

Sitazalia nyumbani. Naandika hivi na bado inaniuma, Nuru naomba usinione nimetishwa, ile leba yangu nzuri ilikuwa ya kweli na hakuna anayeninyang'anya. HB yangu ni 10.4 nimeanza vidonge, vinanisumbua tumbo ila navumilia, nameza usiku. Ultrasaundi ya kuangalia kondo lilivyokaa nimepangiwa wiki ya 32, na nimewaandikia kwenye kadi kabisa kwamba nilitolewa kwa mkono.

Karatasi yangu nimeanza kuiandika. Dada Mkubwa nimeiba mistari yako minne. Wodi ya kwanza niliyoenda walinijibu vizuri, mfuko wa kupimia damu wanao, kuhusu kupiga magoti yule nesi alisema "tutaona", sijaipenda hiyo tutaona, ntarudi na mkunga wangu alhamisi tumuulize vizuri. Mume wangu amesema anakuja pia.


DADA MKUBWA:

Mwombeni aandike kwenye faili na aweke sahihi, zamu zinabadilika. Nakusubiri utupe majibu.